Pengo la Jepkemboi

Mke wangu Jepkemboi tulimzika Februari, kwenye shamba letu upande wa Rongai. Juu ya jeneza waliweka picha yake ndani ya fremu. Sweta ya bluu, kitambaa cheupe kichwani, sare ya akina mama wa kanisa. Alikuwa anacheka. Watu walisema ni picha nzuri.

Nilisogea karibu nikaangalia mdomo. Ulikuwa na meno yote.

Jepkemboi hakuwa na meno yote. Mawili ya chini, ya mbele, yalitolewa akiwa msichana mdogo. Mimi pia yangu yalitolewa. Watoto wa rika letu wote tulikuwa hivyo. Wazee walisema ugonjwa wa kukaza taya ukikushika, maziwa yatapita hapo. Watoto wetu hatukuwatoa meno. Tulikuwa tumeingia kanisa, na shule haikutaka mambo hayo.

Nilidhani yale ya maziwa ni maneno tu. Halafu Januari Jepkemboi akaanguka jikoni. Presha ilimpiga upande mmoja. Hospitali walikaa naye siku nne, wakasema nimpeleke nyumbani. Taya ilikuwa imekaza. Wiki tatu nilimlisha uji kwa kijiko kidogo cha chai, na uji ulipita kwenye lile pengo. Hakukuwa na pahali pengine. Nilitia kidogo, nikangoja, nikatia kidogo. Kijiko kikigusa ufizi alifunga macho. Siku ya mwisho uji ulirudi.

Kwa hivyo nilijua ule mdomo. Na aliyekuwa juu ya jeneza alikuwa mwanamke mwingine.

Nilimuuliza binti yangu Becky, "Haya meno yametoka wapi?"

"Baba, si sasa. Watu wanaangalia."

Picha ilitengenezwa na Odero, na Becky ndiye aliichukua kwake. Ni mpiga picha, ana studio Nakuru mjini, na sherehe za kanisa letu yeye ndiye huja. Siku ya mazishi alikuwa pale karibu na hema, kamera shingoni. Alikuja kunipa pole. Sikumpa mkono. Alisimama kidogo, akarudi nyuma, akaendelea na kazi yake.

Niseme kidogo juu ya Jepkemboi. Hakuwa mtu mkubwa. Alikamua ng'ombe watatu miaka arobaini. Maziwa aliyapeleka mwenyewe barabarani kabla jua halijatoka, na kama mwenye gari la maziwa amepima vibaya, alimwambia apime tena. Mahindi alipanda kwa kamba, mstari umenyooka mpaka majirani wakaja kuangalia. Shule hakuenda, lakini alienda gumbaru, ile shule ya watu wazima, chini ya kanisa, jioni tatu kwa wiki. Alichojifunza jioni alinifundisha asubuhi tukikamua. Haya ninayoandika ni yeye.

Na alipenda kucheka. Lakini akicheka mbele ya watu aliweka mkono mdomoni. Nyumbani hakuweka.

Picha zake ni chache. Kitambulisho, amefunga mdomo. Harusi ya kanisani, amefunga mdomo. Siku Becky alipomaliza chuo, ameshika mdomo na mkono. Niliziangalia zote baada ya mazishi. Hakuna moja iliyo na pengo.

Ikabaki moja tu. Agosti ya mwaka uliotangulia akina mama wa kanisa walikutana, kama sitini hivi, na Odero aliwapiga picha wote pamoja. Wenzake Jepkemboi waliniambia hadithi ya picha hiyo. Odero alikuwa anarudi nyuma, anarudi nyuma, ili wote waingie. Akaanguka kwenye mtaro na kamera juu. Akina mama wakacheka sana. Yeye akapiga picha akiwa amekaa palepale chini.

"Mama Becky ndiye alicheka kupita wote," mmoja wao aliniambia. "Alinishika mpaka karibu tuanguke."

Nikafikiria hivi. Odero alimkata Jepkemboi kutoka kwa ile picha ya wote, akamweka peke yake, akamjazia meno. Lakini ile picha ya wote bado iko. Huko ndani mdomo wake uko vile ulivyokuwa. Nilitaka kuuona. Sikutaka kitu kingine.

Becky alikuwa nayo kwenye simu. Mmoja wa akina mama alimtumia. Kwenye simu Jepkemboi alikuwa mdogo kama punje ya wimbi.

Becky anakaa Free Area, Nakuru. Anafanya kazi nyumbani kwa kompyuta ya mezani. Watu wa mbali wanamtumia sauti, yeye anaandika maneno. Nilienda kwake mwezi wa tisa. Alihamisha ile picha kutoka kwa simu, akaifungua kwenye skrini yake. Skrini ni ya zamani, nzito, na ina mstari wa kijani kutoka juu mpaka chini. Jepkemboi alikuwa mstari wa nyuma, wa nne kutoka kulia.

"Kuza," nikasema.

Akakuza. Uso ukawa vibokisi vibokisi, kama ukuta wa matofali.

"Baba, hii skrini imezeeka. Siku hizi kuna zile za 4K. Zinaonyesha mpaka nywele."

"Zinaonyesha pengo?"

Becky aliniangalia. "Bado ni hiyo, Baba?"

"Ni hiyo."

Hakubishana. Alisema yeye mwenyewe anahitaji skrini, huo mstari wa kijani unamuumiza macho, lakini hizo mpya ni ghali. Nilikuwa na mtamba mmoja niliyekuwa nataka kumuuza. Nikamwambia ngoja.

Niliuza mtamba, nikarudi Nakuru Oktoba. Sikuwa nimewahi kununua kitu ambacho sijui kukijaribu. Ng'ombe najua. Jembe najua. Mbegu nikiishika najua kama ni ya mwaka jana. Hii skrini nilikuwa kama kipofu amepelekwa mnadani.

Duka la kwanza lilikuwa ghorofani, limejaa televisheni. Zote zilikuwa zinaonyesha samaki wa rangi. Kijana wa duka alikuja mbio.

"Sasa mzee. Karibu boss. Unatafuta nini, niko na kila kitu."

"Skrini ya kompyuta ya 4K," Becky akasema. "Lakini isiwe ghali."

"Umefika. Hii hapa. 4K, bei ya kutupa." Alipiga boksi kwa mkono. "Hii ukiangalia mpira unaona jasho."

Becky akainama akasoma boksi. Alisoma kubwa, akasoma ndogo, akageuza, akasoma upande wa nyuma. Ni mama yake kabisa.

"Imeandikwa inakubali 4K," akasema.

"Eeh. Si ndiyo hiyo?"

"Inakubali picha ya 4K iingie. Lakini yenyewe si 4K. Hapa chini wameandika 1080."

"Madam, hiyo ni maneno ya kiwanda. Si unaona imeandikwa 4K hapa, kubwa?"

Nikamwambia, "Washa."

Akawasha. Samaki walikuwa wazuri. Nikamwambia atoe samaki, aweke picha ya mke wangu. Becky alikuwa ameiweka kwenye flashi. Alipoifungua niliona akina mama wote. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mdomo wa Jepkemboi ulikuwa doa.

"Simuoni."

"Mzee, pengine ni macho yako," kijana akasema, kwa upole. "Si ubaya. Hata guka, babu yangu, iko hivyo."

Inaweza kuwa ni macho yangu. Tukashuka ngazi.

Duka la pili lilikuwa dogo, ndani ya jengo lenye maduka mengi, na mwenyewe ni mwanamke, Njoki. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma akaweka kando. Skrini zake nyingi ni zile zimetumika ng'ambo, zinakuja kwa kontena, anazisafisha, anaziuza. Hakutuuliza tunataka nini. Aliuliza ni ya kufanya nini.

"Kuona mdomo," nikasema.

Becky akaeleza. Alieleza kwa ufupi, kwa sauti ya chini. Njoki aliniangalia mimi, si yeye.

"Pole sana, mzee wangu."

"Asante."

"Sasa kompyuta ya msichana iko na shimo gani la kebo kwa nyuma?"

Becky alikuwa ameipiga picha. Njoki akaiangalia kwenye simu. "Hii itavuta 4K, lakini polepole. Kwa sinema si nzuri sana. Kwa picha imesimama haina shida. Na kuandika pia." Akachukua skrini mbili akaziweka kwenye meza, moja huku, moja huku. Zilikuwa saizi moja, inchi ishirini na saba. Nikapima kwa shubiri. Ni kweli.

"Hii ni ya kawaida. Hii ni 4K. Wewe ni mkulima?"

"Ndiyo."

"Basi ni eka ile ile. Hapa umepanda mbalimbali. Hapa umebananisha. Hii ya kawaida iko na nukta milioni mbili. Hii milioni nane."

"Mahindi ukiyabananisha hayazai."

Njoki alicheka. "Haya, si mahindi. Nyasi. Nyasi ikibanana, unaona udongo?"

"Hapana."

"Ndiyo hiyo. Hapa huoni udongo."

Hiyo niliielewa. Nikamwambia aweke picha ya ng'ombe kwa zote mbili.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe mwenye mdomo wazi."

"Mzee, unanunua skrini ama fahali?"

"Ng'ombe huangaliwa meno. Ukimwangalia pembe utadanganywa."

Becky akafunika uso. Lakini Njoki alitafuta, akapata ng'ombe mweupe na mweusi anakula nyasi, mdomo wazi, akamweka kwa zote mbili. Nikaangalia hii ya kawaida. Ni ng'ombe. Nikaangalia hii nyingine. Niliona ndevu za mdomo moja moja, na umande kwenye pua, na jino la pembeni limeanza kulika. Ng'ombe wa miaka saba, labda nane. Kwa ile ya kwanza nisingeweza kusema.

Macho yangu hayakuwa na ubaya basi.

"Kuna kubwa kuliko hii?" nikauliza.

"Iko ya thelathini na mbili. Hiyo itakuumiza mfuko, na kwa meza ndogo inakukalia usoni. Na iko ndogo, ya ishirini na nne, lakini hiyo maandishi inakuwa kama chungu. Msichana ataomba miwani. Hii ya katikati inatosha. Iko na mkwaruzo hapa kwa fremu, ndiyo maana bei imeshuka. Kioo ni safi. Pitisha mkono."

Nikapitisha mkono. Kilikuwa safi.

"Sasa weka mke wangu."

Becky akatoa flashi. Njoki akafungua picha kwenye ile ya 4K. Mimi nilikuwa nimevua kofia, sijui kwa nini.

Lilikuwa doa. Doa lile lile.

Njoki alikuza, akarudisha, akakuza.

"Mzee, nikwambie ukweli ama niuze?"

"Niambie."

"Shida si skrini. Hii picha ni ndogo. Ilitumwa kwa simu, si ndiyo? Picha ikipita kwa simu inabanwa, ili isimalize bando. Vile vitu vidogo vidogo vinatupwa njiani. Hata nikuuzie skrini ya nukta milioni mia, hakuna kitu cha kujaza. Ni shamba kubwa bila mbegu."

"Vilivyotupwa vinarudi?"

"Havirudi. Lakini aliyepiga picha atakuwa na yake kubwa, yenyewe, kama hajafuta. Mwendee na hii flashi. Usinunue kitu kwangu leo. Uende kwanza."

Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Becky alisema, "Baba, studio ya Odero si mbali."

"Najua iko wapi."

"Tangu Februari hujaongea na yeye."

"Najua."

"Ama niende peke yangu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mdomo ule ni mimi niliyeujua. Nikaamka.

Studio ya Odero iko juu ya duka la viatu. Ukutani kuna maharusi, na watoto wa ubatizo, na watu wa mazishi, wote pamoja. Odero ni mtu mnene, amefika miaka hamsini, mcheshi. Aliponiona hakufanya ucheshi. Aliondoka kwenye kiti chake akaniwekea.

"Mzee. Nilijua siku moja utakuja."

"Nimekuja kuchukua picha ya Agosti. Ile yenyewe. Si ile ya simu."

"Iko. Sijafuta."

Akaifungua kwenye kompyuta yake. Yeye ana skrini ya thelathini na mbili, ya 4K. Nilikuwa nimejifunza, niliijua nikiiangalia tu. Akina mama wakatokea wote, mstari juu ya mstari, vitambaa vyeupe kama shamba la pareto. Na kweli walikuwa wanacheka. Mmoja amefunga macho. Mmoja ameinama kabisa. Nikahesabu wa nne kutoka kulia.

Jepkemboi alikuwa pale. Nilimuona vizuri kuliko nilivyomuona mwaka mzima. Kwenye sweta, begani, kulikuwa na mshono wa uzi mweusi, kwa sababu uzi wa bluu ulikwisha na alikataa kungoja. Macho yamejaa machozi ya kicheko. Mkono mmoja umemshika mwenzake.

Na mkono mwingine uko mdomoni.

Vidole vinne. Pete. Udongo kidogo kwenye ukucha wa kidole kidogo, ule haukutokaga hata akisugua.

"Kuza," nikasema.

"Nimekuza mwisho, mzee."

"Chini ya mkono."

"Chini ya mkono hakuna kitu. Kamera haioni nyuma ya mkono."

Becky alinishika bega. Nilikaa nikiangalia ule mkono. Sikuwa na hasira kwa huo mkono. Halafu wazo likanijia, na hasira ikarudi yote.

"Odero. Kama hapa amefunika mdomo, ile ya jeneza ulitoa wapi? Hata mdomo ulitengeneza wewe? Si meno tu? Mdomo mzima?"

Odero alivuta stuli akakaa, magoti yake karibu na yangu.

"Mzee, aliniambia nisikwambie."

"Nani?"

"Mathe. Mama Becky."

Akaeleza. Ilikuwa Oktoba, miezi miwili baada ya ile picha ya akina mama. Jepkemboi alikuwa ametoka kliniki ya presha. Hiyo siku naikumbuka. Niliuliza mbona anavaa sare na ni Jumanne, akasema nguo zingine ziko kwa maji.

"Alipanda hizo ngazi, akapumzika hapo mlangoni," Odero akasema. "Akaniambia, 'Wewe ulianguka kwa mtaro, leo nipige picha umesimama.' Nikampiga. Tulikuwa wawili tu. Alicheka bila kushika mdomo. Nikamuonyesha hapa kwa skrini, hii hii. Aliangalia sana. Akasema, 'Sasa niwekee meno.'"

Becky aliacha kunishika.

"Nikamwambia mathe, uko sawa hivyo. Akasema, 'Wewe weka. Si ni kompyuta? Haiumi.' Nikaweka. Akasema moja limepinda. Nikalinyoosha. Akaangalia tena. Akasema, 'Huyu sasa ndiye wa kuwekwa mbele ya watu.' Akalipa. Akasema nikae nayo, siku yake ikifika msichana atakuja kuulizia picha. Nikamwambia mathe usiongee hivyo. Akanicheka."

"Na ile ya kwanza?" nikauliza. "Kabla hujaweka meno?"

Odero aliangalia mikono yake.

"Alisema nifute. Nikamwambia tunaweza kuiacha, haili chakula. Akakataa. Alisimama hapo nyuma ya kiti mpaka nikafuta. Akaniuliza, 'Imeenda wapi?' Nikamwambia haiko. Akaniuliza mara ya pili."

"Haiko kabisa."

"Haiko, mzee. Nilitafuta baada ya mazishi, nilipoona umekataa mkono wangu. Nilijaribu kila kitu. Haiko."

Niliangalia ile skrini yake kubwa. Ilikuwa na nukta zote hizo milioni nane.

"Alisema mbona nisiambiwe?"

"Alisema, 'Mzee wangu niliwahi kumwomba meno, akakataa. Hapana haja ya kumsumbua tena.'"

Ni kweli. Hiyo nayo niiandike. Ni mwaka Becky alipomaliza chuo. Jepkemboi aliniambia kuna daktari wa meno Nakuru, anaweka meno ya bandia, mawili si kitu kikubwa. Nilikuwa natengeneza ua wa ng'ombe. Nikamwambia, "Unataka kumuuma nani?" Alicheka. Aliweka mkono mdomoni akacheka, na tulikuwa wawili tu nyumbani. Hakuuliza tena. Mimi nilidhani yameisha.

Lile pengo nililipenda tangu nikiwa kijana. Hilo sikumwambia. Nilimwambia lile la kuuma.

Odero alinakili picha zote mbili kwenye flashi, ya akina mama na ile ya meno. Hakutaka malipo. Nilipoamka nilinyoosha mkono. Aliushika kwa mikono miwili.

Kwenye ngazi Becky aliniuliza, "Turudi nyumbani?"

"Skrini je?"

"Baba, si lazima tena."

"Ile yako ina mstari."

Njoki alikuwa anafunga mlango wa chuma nusu. Aliponiona aliuinua tena.

"Mmepata ile kubwa?"

"Tumepata."

"Na mdomo?"

"Alikuwa ameufunika."

Njoki alisimama na kufuli mkononi. Akaenda ndani, akaileta ile yenye mkwaruzo, akaifunga kwa blanketi kwa sababu boksi haikuwepo.

"Kebo nimewapa," akasema. "Mzee, ushike hivi, kama mtoto. Usiilaze na kioo."

Niliibeba mimi mpaka Free Area. Sikumwachia Becky.

Jua lilikuwa linazama alipoiunganisha. Alitoa ile ya zamani, akafuta vumbi mezani, akaweka hii. Iliwaka. Alijaribu maandishi yake, akasema, "Wacha! Baba, ona," na kwa muda mfupi alifurahi. Nilifurahi yeye kufurahi. Kisha akaniuliza nataka kuona ipi.

"Ile ya meno."

"Una hakika?"

"Fungua."

Jepkemboi alijaa skrini nzima. Nyusi zake, unywele mmoja mmoja. Kovu la moto kwenye shavu, dogo, la sufuria ya maziwa. Kisha meno. Nilisogeza kiti. Ukiangalia vizuri unaona yale mawili si ya kwake. Ni meupe kidogo kuliko wenzake, na chini yake ufizi ni laini mno, kama umepakwa rangi. Kwenye fremu ya jeneza huwezi kujua. Hapa unajua. Nilitafuta pembeni, kwenye kona, pahali Odero labda alisahau kufunika. Nilitafuta kama mtu aliyeangusha sindano kwenye majani. Hakuacha pahali. Alifanya kazi vizuri.

Niliangalia macho. Yalikuwa yananiangalia wazi, bila wasiwasi. Mikono haikuwa karibu na uso. Ilikuwa chini, nje ya picha, imetulia pahali.

"Baba, anapendeza," Becky akasema nyuma yangu. Alikuwa analia lakini si kwa sauti.

"Anapendeza."

"Nifunge?"

"Acha kwanza."

Alienda jikoni kuweka chai. Nilibaki na Jepkemboi. Nilitaka kumwambia lile neno la pengo, na mbele yangu hakukuwa na pengo la kuambia. Nikasukuma ulimi mbele, kwenye langu, pale chini. Lilikuwepo. Nikaushikilia ulimi hapo mpaka Becky akarudi na chai.